Nasaba ni ya Nani?

Mali nyingi za dunia hupungua zikirithiwa. Shamba la ekari kumi likiwafikia ndugu watano wa kiume, kila mmoja atapata ekari mbili, na wajukuu wao watapata vipande vya kupandia mchicha. Nasaba haina tabia hiyo. Jina la babu likirithiwa na wajukuu hamsini, kila mmoja hulipata zima, wala fungu lake halipungui kwa sababu mwenzake naye amepata. Ndiyo maana watu wengi hudhani kwamba habari za ukoo hazina mwenyewe, na kwamba aliyeziona popote anaweza kuzinakili, kuzichapa, kuzitia katika mtandao na hata kuziuza bila kumwuliza mtu. Wapo pia wanaodhani kinyume chake: kwamba mtu aliyechosha macho yake miaka kumi akinukuu daftari kuukuu amekwisha kuwa mmiliki wa majina yaliyomo. Makundi yote mawili yamekosea, na ningependa kueleza kwa nini.

Sisi tuliozaliwa zamani kidogo tulifundishwa nasaba kwa mdomo. Tulitajiwa baba, babu, baba wa babu, na kuendelea, nasi tukarudia mpaka tukashika. Hakuna aliyetuambia neno hakimiliki. Lakini ingekuwa kosa kusema kwamba hapakuwa na sheria. Mzee hakuisema nasaba popote. Aliisema penye posa, penye mirathi na penye msiba. Yako mambo yaliyosemwa mbele ya wote, na yako mengine yaliyosubiri watoto walale. Aliyefundishwa alipaswa kutaja aliyemfundisha, na aliyeongeza jina lisilokuwapo alihesabiwa kuwa mwongo mkubwa. Haya yote ni masharti ya matumizi, ingawa hayakuandikwa. Shida zetu zilianza pale nasaba ilipotoka mdomoni ikaingia katika karatasi, kwa maana karatasi husafiri bila mwenyewe, na haina haya.

Habari za Pate zatufaa kwa mfano. Pate ni mji katika visiwa vya Lamu, na ukoo wa Wanabahani ulitawala huko kwa karne nyingi. Inasimuliwa kwamba kitabu cha asili cha habari za wafalme hao kilikuwa Witu, na kwamba kilipotea mwaka 1890, Waingereza walipoushambulia mji huo na kuuteketeza. Yaliyosalia yalisalia kichwani mwa mtu. Muhammad bin Fumo Omari Nabahani, aliyejulikana zaidi kwa jina la Bwana Kitini, alikuwa amezipokea habari hizo kwa babu yake, Bwana Simba, naye akawasimulia waliotaka kuziandika. C. H. Stigand alizitia kwa Kiingereza katika kitabu chake The Land of Zinj, kilichotoka mwaka 1913. Alice Werner akachapisha matini ya Kiswahili pamoja na tafsiri katika miaka ya 1914 na 1915. Mwaka 1993 Marina Tolmacheva alitoa kitabu The Pate Chronicle, kutokana na hati nne za mkono zilizomo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nakala hizi zote ni za jamaa moja, lakini hazilingani neno kwa neno, wala miaka ya wafalme haipatani kila mahali.

Sasa tujiulize: habari hizi ni za nani? Wafalme wenyewe wamekwisha kufa. Wajukuu wao wapo. Bwana Kitini alizihifadhi kwa kumbukumbu yake. Waandishi walioketi na kalamu wamezipokea wakazitia katika herufi. Maktaba imetunza karatasi zisiliwe na mchwa. Wataalamu wamelinganisha nakala na kufafanua maneno magumu. Kila mmoja wa hawa ana dai lake, na kila dai lina uzito. Lakini sheria haiwapimi wote kwa mizani moja.

Hebu tuitazame sheria. Mwaka 1900 Baraza la Malodi la Uingereza liliamua kesi iitwayo Walter v. Lane. Waandishi wa gazeti la The Times walikuwa wamezinukuu kwa hati mkato hotuba za Lord Rosebery, aliyepata kuwa Waziri Mkuu, na gazeti likazichapa. Mchapishaji John Lane akazichukua kutoka gazetini na kuzitoa katika kitabu. Lord Rosebery mwenyewe hakudai kitu. Gazeti likadai, na likashinda: ilihukumiwa kwamba waandishi wale, kwa ustadi na kazi yao ya kunukuu, walikuwa na haki katika yale waliyoyaandika. Basi mkono ulioandika ulipata haki, na mdomo uliosema haukuhusika.

Sheria za baadaye zimemjali zaidi msemaji. Siku hizi katika nchi nyingi mtu akitoa hotuba aliyoitunga, haki ya maneno hayo ni yake hata kama ameyaandika mwingine. Hata hivyo, tazama neno lenyewe: aliyoitunga. Nasaba haikutungwa na anayeisema. Ameirithi. Mzee akisema kwamba Fumo fulani alimzaa Bwana fulani, hajatunga kitu, naye angeona ni tusi kuambiwa kwamba ametunga.

Upande wa pili wa bahari, mnukuzi naye amekutwa na jambo kama hilo. Huko Kansas, Marekani, kampuni ya simu iitwayo Rural Telephone Service ilichapisha kitabu cha majina na namba za wateja wake. Kampuni nyingine, Feist Publications, iliomba ruhusa ya kuyatumia, ikanyimwa, ikayachukua vivyo hivyo. Ushahidi ulikuwa wazi. Katika kitabu cha Feist yalionekana maandiko 1,309 yaliyofanana kabisa na yale ya Rural, na manne kati yake yalikuwa majina ya uongo ambayo Rural ilikuwa imeyatia makusudi ili kuwanasa wanakili. Hata hivyo, mwezi Machi 1991, Mahakama Kuu ya nchi hiyo, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Sandra Day O'Connor, iliamua kwamba Feist haikuvunja hakimiliki. Ukweli hauna mtunzi, na jasho peke yake halimfanyi mtu kuwa mtunzi. Orodha ya majina iliyopangwa kwa alfabeti haina ubunifu wa kulindwa.

Hukumu hiyo iliwagusa sana wanaonukuu vitabu vya ubatizo, ndoa, mazishi na hesabu ya watu. Mtu aweza kukaa miaka chini ya taa akisoma mwandiko wa karani wa kale, lakini akimaliza, orodha yake ya majina na tarehe yaweza kuchukuliwa na yeyote katika nchi ile. Ulaya wamekwenda njia nyingine kidogo. Kwa agizo la Jumuiya ya Ulaya la mwezi Machi 1996, aliyetumia gharama na juhudi kubwa kukusanya orodha ya namna hiyo amepewa haki ya pekee ya miaka 15, hata kama hana ubunifu wowote. Kwa hiyo daftari moja laweza kuwa huru Chicago na kulindwa Paris.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji atue kidogo, kwa kuwa ndipo penye kiini cha jambo. Hakimiliki humlipa aliyeongeza kitu cha kwake. Nasaba humheshimu asiyeongeza. Msimulizi bora ni yule aliyetoa kama alivyopokea, na mnukuzi bora ni yule aliyeliacha hata kosa la karani mahali pake, akaandika pembeni kwamba ni kosa. Kadiri mtu anavyokuwa mwaminifu katika kazi hii, ndivyo sheria inavyozidi kutomwona. Angekuwa mwongo, akatunga mababu kumi kutoka kichwani mwake, angepata hakimiliki safi kabisa! Sisemi kwamba sheria ni mbaya. Ni vyema kwamba hakuna mtu awezaye kunizuia kulitaja jina la babu yangu kwa sababu alilichapa kabla yangu. Nasema tu kwamba mahali sheria inapokoma, wajibu haukomi.

Tusisahau pia hila ya majina ya uongo. Katika kitabu cha simu, jina la mtego halimdhuru mtu. Katika nasaba, mtu wa uongo atapata watoto. Atanukuliwa, atapewa mke, na baada ya miaka thelathini kutakuwa na watu wazima wanaomwombea dua. Anayetaka kulinda kazi yake na atafute njia nyingine.

Kwetu Afrika Mashariki, Tanzania na Kenya zilitunga sheria zao za hakimiliki mwaka 1966, kila nchi yake, badala ya zile za Waingereza. Baadaye Tanzania Bara ikapata Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, Kenya ikapata sheria mpya mwaka 2001, na Zanzibar ikapata yake mwaka 2003. Sheria ya Bara na ile ya Kenya ziliweka kinga ya kazi ya maandishi kwa maisha ya mtunzi pamoja na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa mtu anayeandika kijitabu cha ukoo, maana yake ni hii. Dibaji yako, hadithi ulizozisimulia kwa maneno yako, maelezo yako na mchoro wako ni kazi yako. Majina na tarehe si yako. Picha iliyopigwa na mpiga picha wa mjini huenda ikawa na mwenyewe mwingine, hata kama aliyepigwa ni shangazi yako. Wala ukuukuu wa karatasi si dalili ya uhuru wake. Huko Uingereza maandishi mengi ya kale ambayo hayakuchapishwa yamewekewa kinga mpaka mwisho wa mwaka 2039, hata kama aliyeyaandika alikufa karne mbili zilizopita.

Mbali na hakimiliki iko njia ya pili, nayo ni mapatano. Mwenye daftari anaweza kusema: soma, lakini usipige picha, nakili, lakini usiuze, tumia, lakini nitaje. Chama cha Nasaba cha Utah, kilichoanzishwa mwaka 1894 na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, kilianza mwaka 1938 kupiga picha daftari za dunia katika maikrofilamu. Mwaka 2021 kazi ya kuzigeuza filamu hizo kuwa picha za kompyuta ilikamilika, na filamu zenyewe zilikuwa zaidi ya milioni mbili. Walakini si picha zote ambazo mtu anaweza kuzitazama akiwa nyumbani. Nyingine hutazamwa katika vituo maalumu tu, kwa kuwa ndivyo walivyopatana na watunzaji wa daftari. Anayekasirika kuona mlango umefungwa akumbuke kwamba bila sharti hilo huenda daftari lisingepigwa picha kabisa.

Udhaifu wa mapatano ni kwamba humfunga aliyekubali, basi. Mimi nikikupa nakala kwa sharti, nawe ukampa mwenzako bila kumwambia sharti, yeye hakuniahidi neno. Nakala ya tatu huwa haina mama wala baba. Lakini dawa yake watu wa mwambao tunaijua tangu vyuoni tulikosoma Kurani. Ni isnadi: fulani amepokea kwa fulani, naye amepokea kwa fulani. Sharti lisiwe katika barua iliyofungiwa kabatini. Liandikwe juu ya nakala yenyewe, pamoja na jina la msimulizi, jina la mnukuzi, mahali na tarehe, ili lisafiri pamoja na maneno.

Zaidi ya hayo kuna jambo ambalo si hakimiliki wala mapatano, nalo ni heshima ya wanaotajwa. Mwaka 1995 Kanisa hilo hilo la Utah lilipatana na jumuiya za Wayahudi kwamba majina ya Wayahudi waliouawa na Wanazi yaondolewe katika orodha za ubatizo wa wafu, kwa sababu jamaa zao waliumia kuona wapenzi wao, waliokufa kwa ajili ya Uyahudi wao, wakiingizwa katika ibada ya dini nyingine. Mwaka 2008 Vatikani nayo iliwaagiza maaskofu wasivitoe vitabu vya parokia kwa chama kile, kwa sababu ya ibada hiyo hiyo. Hakuna aliyesema kwamba majina yale yana hakimiliki. Ilisemwa kwamba jina lililoandikwa kwa shughuli moja halipaswi kupelekwa katika nyingine bila kuuliza.

Tusidhani kwamba hayo ni ya Wazungu peke yao. Katika miaka ya 1860 na 1861 konseli wa Uingereza huko Unguja, C. P. Rigby, aliwaandikia hati za uhuru maelfu ya watumwa waliokuwa mikononi mwa Wahindi. Orodha za namna hiyo ni hazina, kwa kuwa zinataja watu ambao vinginevyo wangepotea kabisa. Muda wa hakimiliki yoyote umekwisha kupita zamani. Lakini kila mtu wa mwambao anajua kwamba habari ya nani alimnunua bibi wa nani haijapoa, na kwamba mpaka leo yaweza kuvunja posa.

Nilipokuwa chuoni nilikuwa na desturi ya kuwapa wanachuo kazi ya likizo: kila mmoja akaulize wazee wake na kuandika ukoo wake hadi alipoweza kufika. Mwanachuo mmoja alirudi na daftari zuri sana. Babu yake alikuwa amemweleza yote, pamoja na kwamba mmoja wa mabibi wa ukoo aliletwa pwani kutoka upande wa Nyasa akiwa msichana mdogo, akauzwa, na baadaye akaolewa. Nilimrudishia daftari lake, nikamwambia alitunze. Miaka kadhaa baadaye, katika 1994, ndugu mmoja wa ukoo ule alilitoa fotokopi nyumbani kwao bila kuuliza, akalipiga taipu na kulifanya kijitabu. Jalada lilikuwa na jina lake mwenyewe. Jina la babu halikuwamo hata mara moja. Habari ya yule bibi ilikuwamo yote, na wajukuu wake wakatajwa mmoja mmoja, na mitaa wanayokaa.

Nikaitwa kusuluhisha, kwa kuwa kazi ile ilianzia kwangu. Kijana alijitetea vizuri. Alisema hakusema uongo, na kwamba yeye pia ni wa ukoo. Yote mawili yalikuwa kweli. Yule mzee, ambaye wakati huo alikuwa haoni tena, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia na kusema: "Mwalimu, mimi nilimpa mjukuu wangu. Sikuupa mji." Nimesoma hukumu na sheria kadhaa tangu siku hiyo, lakini sijaona maneno yanayolieleza jambo hili kwa ufupi zaidi. Kijitabu kilichapwa upya, jina la mzee likawa mbele, na wajukuu wa yule bibi wakaulizwa kwanza. Wawili walikataa, wakaachwa. Wa tatu, mama mmoja mtu mzima, alisema kwamba bibi yake aandikwe kikamilifu, pamoja na mahali alipotoka, kwani yeye hana aibu kwa alichotendewa bibi yake. Aibu ni ya walionunua. Nakala za kwanza zilizokwisha kufika Dar es Salaam hazikurudi.

Siku hizi sheria imeanza kulitazama jambo hilo kwa upande wa walio hai. Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na Tanzania ikatunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Ni hatua njema. Lakini hakuna sheria itakayoketi barazani na kumwambia mjukuu lipi la kusema na lipi la kungoja.

Wanachuo wangu walipokuwa wakiniuliza wafanyeje, niliwaambia wajibu maswali matatu kabla ya kumpa mtu yeyote nakala. Nani alikupa, na alikupa kwa ajili gani? Mkono wa nani uliandika, na je, jina lake limo? Nani ametajwa humu ambaye yu hai, au ana mtoto aliye hai, na je, anajua? Asiyeweza kujibu swali la kwanza na arudi kwa mzee akaulize. Asiyeweza kujibu la pili na aandike wazi kwamba mnukuzi hajulikani, asijitie yeye. Asiyeweza kujibu la tatu na aache nafasi wazi katika ukurasa. Nafasi iliyoachwa wazi yaweza kujazwa wakati wowote, lakini neno lililokwisha kuenea halikusanyiki.

Wala pasiwe na mtu wa kuyafanya haya kuwa kisingizio cha kuficha. Ubahili wa nasaba ni ugonjwa mbaya vilevile. Nimewajua watu waliokalia daftari za ukoo mpaka zikaoza sandukuni, eti zisije zikaibwa. Kitabu cha Witu kilikuwa kimoja, kikateketea. Kilichotuokoa ni kwamba Bwana Simba hakumnyima mjukuu wake. Basi tutoe, tena tutoe kwa wingi, ila kila nakala iondoke ikiwa na jina la aliyesimulia.